David Livingstone: Miezi saba ya Kabambare iliyopima imani ya maisha yote

Wakaaji wa Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, wanajua vizuri maana ya kukwama. Mvua zikizidi, barabara inageuka matope, na msafiri anangoja bila kujua ataondoka siku gani. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, mgeni mmoja alikwama hapo kwa karibu miezi saba. Alikuwa na umri wa miaka 57. Miguu yake ilikuwa imejaa vidonda, meno yake mengi yalikuwa yametoka, dawa hakuwa nazo, na watu wake wengi walikuwa wamemkimbia. Jina lake lilikuwa David Livingstone.

Katika maandishi yake mji huo unaitwa Bambarre. Watoto wa shule wanamjua Livingstone kama mvumbuzi, mtu wa maporomoko ya Victoria na wa kukutana na Stanley kule Ujiji. Wachache wanajua kwamba jaribu kubwa la imani yake lilimkuta Maniema, kati ya Kabambare na soko la Nyangwe, katika wilaya ya Kasongo ya leo.

Mtoto wa kiwanda cha pamba

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini iliyoishi katika chumba kimoja. Baba yake, Neil, alikuwa muuza majani ya chai na mtu wa sala. Mtoto huyo alipofika miaka 10 alitiwa katika kiwanda cha pamba. Alianza kazi saa kumi na mbili asubuhi na kuimaliza saa mbili usiku, kisha akaenda shule ya jioni. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini. Kazini alikuwa akiweka kitabu juu ya mashine na kusoma sentensi moja moja kila alipopita.

Akiwa kijana alisoma mwito wa misioneri Karl Gützlaff, aliyetafuta waganga wa kwenda kuhubiri China. Livingstone aliamua kujifunza udaktari ili aende huko. Vita vya kasumba kati ya Uingereza na China vilifunga njia. Ndipo alipokutana na Robert Moffat, misioneri wa Kuruman, kusini mwa Afrika, na moyo wake ukageukia bara hili. Alifika mwaka 1841, ametumwa na Shirika la Misioni la London.

Mhubiri mwenye mkristo mmoja

Anayetafuta hesabu ya watu waliobatizwa na Livingstone atasikitika. Aliyejulikana zaidi ni Sechele, chifu wa Wakwena katika nchi ya Botswana ya leo, aliyebatizwa mwaka 1848. Miezi michache baadaye Sechele alimrudia mmoja wa wake aliowaacha, na Livingstone akamtenga na meza ya Bwana. Kwa misioneri huyo lilikuwa pigo kubwa. Hakujua kwamba Sechele angeendelea kuwahubiria watu wake na majirani zake kwa miaka mingi, hata Livingstone mwenyewe alipokuwa ameondoka zamani.

Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimrukia na kumvunja mkono wa kushoto. Aliokolewa na mwalimu wa injili aliyeitwa Mebalwe, ambaye alimvuta yule mnyama kwake naye akajeruhiwa. Mkono huo haukupona vizuri. Mwaka uliofuata Livingstone alimwoa Mary, binti wa Robert Moffat.

Kati ya 1853 na 1856 alivuka Afrika kutoka Linyanti, katikati ya kusini mwa bara, hadi Luanda kwenye Atlantiki, kisha akarudi hadi Quelimane kwenye bahari ya Hindi. Uingereza ilimpokea kama shujaa. Lakini safari yake ya pili kubwa, ile ya mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858, iliharibika. Wazungu waligombana naye, wamisioneri waliomfuata walikufa kwa homa, na Mary mwenyewe alifariki huko Shupanga tarehe 27 Aprili 1862. Serikali iliifunga safari hiyo.

Jambo hili halifichwi na wanaosimulia maisha yake kwa haki. Mary aliteseka sana kwa ajili ya safari za mume wake, na watoto wao walikua karibu bila baba. Mtoto wao Robert alifia Marekani mwaka 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Livingstone alikuwa mgumu kwa Wazungu wenzake na mwepesi wa kuwalaumu. Uaminifu wake kwa Mungu haukumfanya mtu asiye na kasoro, na familia yake ndiyo iliyolipa sehemu kubwa ya gharama.

Kuingia Manyema

Mwaka 1866 alirudi Afrika kwa mara ya mwisho, akishukia pwani karibu na mto Ruvuma. Alikuwa na nia mbili. Ya kwanza, kutafuta chanzo cha mto Nile. Ya pili, kuuonyesha ulimwengu biashara ya watumwa ilivyokuwa ikifanyika ndani ya bara. Kwake nia hizo zilishikana, kwa sababu aliamini kwamba akiupata Nile, sauti yake dhidi ya utumwa ingesikilizwa na wakubwa.

Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa. Kwa mganga anayejua homa za Afrika, hiyo ilikuwa sawa na kuhukumiwa kifo. Mwanzoni mwa 1869 alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akawa anabebwa kwa machela mpaka Tanganyika. Waliombeba walikuwa watu wa Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara Mwislamu wa pembe na watumwa.

Hapo kuna fundo gumu katika maisha yake. Mtu aliyeuchukia utumwa kuliko kitu chochote alikula chakula cha wafanyabiashara wa watumwa, akalala katika kambi zao na kufuata njia zao. Bila wao angekufa. Aliandika wazi kuhusu wema wa bin Gharib, na kwa kalamu ileile akaandika mabaya ya biashara yake.

Tarehe 12 Julai 1869 aliondoka Ujiji, akavuka ziwa, na tarehe 21 Septemba akafika Kabambare. Chifu aliyemwita Moenekuss alikuwa amekufa muda mfupi kabla, na wanawe walikuwa wameshika nchi. Livingstone alishangazwa na uzuri wa Manyema: milima yenye msitu, mashamba makubwa, nyumba zilizojengwa kwa mpango mzuri. Alitaka kwenda mbele haraka mpaka Lualaba.

Haikuwezekana. Alijaribu mara moja, mvua zikamrudisha. Juni 1870 alijaribu tena, akiwa amebaki na watu watatu tu waliokubali kumfuata: Chuma, Susi na Gardner. Njia ilikuwa tope na maji. Miguu yake iliota vidonda vilivyokula nyama na kutoa damu kila alipokanyaga. Tarehe 22 Julai 1870 alirudi Kabambare akichechemea.

Nyumba ya vidonda, kitabu kimoja

Kwa siku 80 hakutoka nje ya nyumba yake. Alijitibu kwa unga wa jiwe la kijani lenye shaba, uliosagwa juu ya jiwe na kuchanganywa na maji, kisha kupakwa kwa unyoya wa kuku. Vidonda vilianza kufunga polepole. Hata hivyo alibaki kungoja watu na mizigo kutoka pwani mpaka Februari 1871.

Ndani ya miezi hiyo hakuwa na kanisa la kuhubiria, wala mkristo mwenzake wa rika lake wa kusali naye. Barua hazikufika. Hakujua kama watoto wake walikuwa hai. Alichokuwa nacho ni Biblia. Wakati wa kukaa kwake Manyema aliisoma yote, kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo, mara nne.

Wakristo wengi wanafikiri kwamba imani inapimwa siku ya mateso makubwa, mtu anapowekewa kisu shingoni. Kabambare inaonyesha jaribu la aina nyingine. Hakuna aliyemlazimisha Livingstone kumkana Mungu. Kilichomshambulia ni kungoja, maumivu yasiyoisha, na mawazo kwamba miaka 30 ya kazi haikuzaa kitu. Katika hali hiyo mtu huweza kuacha kusali bila mtu yeyote kujua. Yeye alifungua kitabu asubuhi iliyofuata, na asubuhi nyingine tena.

Kungoja huko hakukumfanya afunge macho. Aliona mateka wakipitishwa, naye akaandika kuhusu ugonjwa wa ajabu uliowashika watu huru waliotiwa utumwani. Walikuwa na nguvu ya mwili, lakini walipouvuka mto na kuona kwamba hawatarudi kwao, walishika kifua na kusema kwamba wanaumwa hapo. Baada ya siku chache walikufa. Mganga huyo hakuona homa wala jeraha. Alisema ni mioyo iliyovunjika.

Siku ya soko Nyangwe

Tarehe 4 Februari 1871 watu kumi waliotumwa kutoka pwani walifika Kabambare. Hawakuwa msaada mkubwa: waligoma, wakadai mshahara zaidi, wakaeneza maneno mabaya juu yake. Pamoja na hayo aliondoka nao tarehe 16 Februari, na mwisho wa Machi akafika Nyangwe, kando ya Lualaba.

Mto ulikuwa mbele yake hatimaye, mpana na wenye nguvu. Alitaka mtumbwi ili afuate maji mpaka ajue yanakwenda wapi. Kwa karibu miezi minne hakupata. Wenyeji walimwogopa, wakiona kwamba mgeni anayekaa na wafanyabiashara wenye bunduki lazima awe mmoja wao. Alimtolea Dugumbe, mkubwa mmoja wa wafanyabiashara hao, fedha nyingi pamoja na mali aliyodhani anayo Ujiji, ili apewe watu na mtumbwi.

Wakati wa kungoja alipenda kwenda sokoni. Soko la Nyangwe lilikutanisha watu wa kingo zote mbili za mto, wengi wao wanawake, waliokuja na unga wa muhogo, mafuta ya mawese, samaki, kuku, chumvi na vyungu. Aliketi kuwaangalia wakipatana bei na kucheka.

Tarehe 15 Julai 1871 soko lilikuwa na watu wapatao 1,500. Watu watatu wa Dugumbe waliingia na bunduki. Ugomvi ulianza juu ya bei ya kuku, kisha risasi zikalia katikati ya wanawake. Watu walikimbilia mitumbwi, wengine walijitupa mtoni na kuzama. Kundi lingine kando ya maji liliendelea kuwapiga waliokuwa wakiogelea. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Ng'ambo ya mto vijiji vilichomwa moto siku hiyohiyo na kesho yake.

Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola yake, lakini Dugumbe alimkataza asiingie katika kisasi cha damu. Alituma watu na bendera yake kujaribu kuwaokoa waliokuwa wakishambuliwa. Halafu alifanya kazi iliyobaki mikononi mwake: aliandika. Karatasi ilikuwa imekwisha, akaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kutokana na mmea. Kurasa hizo zilififia sana, na mwaka 2011 wataalamu walitumia picha za mwanga maalumu kuzisoma upya.

Baada ya mauaji hayo hakuweza tena kusafiri na watu hao. Lualaba ilikuwa chini ya miguu yake, kazi ya miaka mitano ilikuwa karibu kukamilika, na watu wa Dugumbe ndio waliokuwa njia pekee ya kwenda mbele. Tarehe 20 Julai aligeuka nyuma kuelekea Ujiji, safari ya miezi mitatu kwa miguu ileile yenye makovu.

Kurudi, na kukataa kurudi

Njiani wenyeji waliokuwa wameumizwa na wafanyabiashara walimvizia msituni, wakimdhani ni bin Gharib. Tarehe 8 Agosti mikuki miwili ilimkosa kwa karibu sana, na mti mkubwa uliangushwa ukataka kumponda. Aliponea kifo mara tatu kwa siku moja. Hakuwalaumu waliomvizia, aliandika juu ya waliowatendea vibaya mpaka wakafika hapo.

Alifika Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871 akiwa mifupa mitupu, akakuta mali yake yote imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Siku chache baadaye alifika Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, na chakula, dawa na barua. Pamoja walikwenda kaskazini mwa ziwa, wakaona kwamba mto Ruzizi unaingia Tanganyika wala hautoki humo.

Stanley alimwomba waondoke pamoja. Uingereza ilikuwa tayari kumpa heshima na pumziko. Alikataa, kwa sababu aliona kazi yake haijaisha. Tarehe 19 Machi 1872, siku tano baada ya kuagana na Stanley karibu na Tabora, alitimiza miaka 59. Siku hiyo aliandika sala ya kumtolea Mungu tena maisha yake yote, kama mtu anayeanza upya. Kijana wa kiwanda cha Blantyre alikuwa amefanya toleo hilohilo karibu miaka 40 kabla.

Magotini

Safari ya mwisho ilimpeleka kwenye mabwawa ya Bangweulu, katika Zambia ya leo. Alitokwa damu kila siku, akabebwa, bado akipima njia na kuandika. Mapema asubuhi ya tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa kikiwa katika mikono juu ya mto. Walidhani anasali. Alikuwa amekwisha kufa.

Susi na Chuma waliamua jambo ambalo hakuna aliyewaamuru. Walizika moyo wake chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala za maziko. Waliukausha mwili, wakaufunga, na kuubeba kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, pamoja na vitabu na maandishi yake yote. Karibu na Tabora, Wazungu waliokutana nao waliwashauri wamzike hapo. Walikataa. Februari 1874 walifika pwani. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika Westminster Abbey, London, baada ya madaktari kumtambua kwa ule mkono uliovunjwa na simba.

Chuma alikuwa kijana wa Kiyao aliyeokolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861. Susi, mtu wa Shupanga, hakuwa mkristo alipomtumikia Livingstone. Alibatizwa mwaka 1886, miaka 13 baada ya kifo cha bwana wake, akachagua jina la David.

Kilichobaki

Kuhusu chanzo cha Nile, Livingstone alikosea. Mwaka 1877 Stanley alithibitisha kwamba Lualaba ni mto Kongo. Njia hiyo baadaye ilileta mabwana wengine: Nyangwe ilitekwa na majeshi ya Mfalme Leopold Machi 1893, Kasongo Aprili mwaka huohuo, na wakaaji wakatoka katika mateso moja wakaingia katika mengine. Livingstone hakuyaona hayo, na matumaini yake kwamba biashara ya Wazungu ingeleta uhuru yalikanushwa na historia.

Lakini taarifa yake ya soko la Nyangwe ilifika Uingereza mwaka 1872, ikawasha hasira ya watu. Serikali ilituma wajumbe Zanzibar. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari, na soko lao likafungwa. Livingstone alikuwa amekufa wiki tano kabla, bila kujua.

Methali inasema mvumilivu hula mbivu. Yeye hakuila. Hakuona mto unakoelekea, hakuona soko la Zanzibar likifungwa, hakuona Susi akibatizwa. Maniema ilimwonyesha kufeli karibu kwa kila alilotaka. Alichoweza kuchagua Kabambare, akiwa amelala na miguu iliyooza, ni kama angeendelea kumwamini Mungu kesho yake, na Nyangwe, kama angesema ukweli wa alichokiona. Katika mambo hayo mawili hakurudi nyuma.

Wakristo wa Kasongo na Kabambare leo, wakiishi kando ya majirani zao Waislamu katika nchi iliyoona vita vingi, wanajua kungoja kusiko na tarehe ya mwisho. Wengi wanasali miaka na miaka bila kuona jibu. Maisha ya yule mgonjwa wa Kabambare hayawaahidi kwamba jibu litakuja haraka, wala kwamba wataliona kwa macho yao. Yanaonyesha tu kwamba uaminifu wa siku moja moja, ambao hakuna anayeuona, unaweza kuzaa matunda katika mikono ya watu wengine.